Mtoto Atachanjwa Jana

Siku moja askari wa kizuizi cha barabarani, pale unapoingia Rumonge, aliniuliza ninafanya kazi gani. Nikamjibu kwa heshima zangu zote, "Ninapima kontroli." Akanitazama, akamtazama mwenzake, wakacheka mpaka bunduki zikatikisika mabegani.

"Kontroli njo sisi," akasema. "Weye unapima nini?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Miaka ile ya vita, ukitaja kontroli kwenye ukanda wetu wa ziwa, kila mtu alielewa jambo moja tu: kamba iliyokatiza barabara, kitambulisho mkononi, mizigo chini. Mimi nilikuwa nazungumzia vitufe vya kompyuta. Nilijaribu kumweleza, akaniambia nipite, nadhani kwa kunionea huruma.

Chumba chetu cha kazi kilikuwa nyuma ya kiwanda kidogo cha sabuni ya mawese. Hatukukipenda kwa uzuri wake. Mwenye sabuni alikuwa na jenereta, na alituru­shia waya mmoja kupitia dirishani. Aliyeniajiri alikuwa Mkongomani kutoka Uvira, kijana kunizidi kidogo, aliyevuka na kompyuta yake imeviringishwa ndani ya godoro. Mimi nilimwita fundi, yeye aliniita dada. Hakutengeneza programu nzima. Alitengeneza vipande ambavyo watu wengine wangevichukua na kuvitia katika programu zao: kitufe kinachojichora chenyewe, kisanduku cha kuandikia namba, orodha inayojifungua, kalenda. Ni kama seremala anayeuza milango na madirisha, nyumba ajenge mwingine. Mkusanyiko wote aliuita bibliothèque, maktaba kwa Kifaransa, na kwa sababu ya neno hilo mwalimu mmoja alitujia kuuliza kama tunaazima vitabu vya hesabu.

Kazi yangu ilikuwa kuviharibu. Kabla ya vita kunifukuza Bujumbura nilikuwa mpiga chapa ofisini, na vidole vyangu vina haraka na havina adabu. Fundi alimaliza kitufe, akakileta kwenye skrini kwa fahari kama mtu anayemwonyesha mwanawe mchanga, nami nikakivamia. Nilibonyeza mara mbili upesi. Nilikandamiza bila kuachia. Nililivuta dirisha la kwenye skrini mpaka likawa jembamba kama utepe, nikaona nani atabaki ndani na nani atamwagika. Kitu kilipokufa, nilipiga kelele ya furaha, na mwenye sabuni akajua kule nje kwamba fundi amepatikana tena.

"Dada, weye unafurahia kifo ya bintu byangu," fundi alinilalamikia.

"Ninafurahi kwa sababu kimefia hapa," nikamjibu. "Kingefia kwa mnunuzi ungecheka weye?"

Tuligombana kila siku, tena kwa sauti. Kipanya chetu, kwa mfano, kilikuwa cha aina ile yenye kigololi tumboni, na katika mji ule ambao hata karanga unamenya kwa vidole vyenye mawese, kigololi kiliganda kwa mafuta na vumbi kila baada ya muda mfupi. Fundi alikisafisha kwa pamba na subira. Mimi sikuwa na subira. Nilikiweka pembeni nikafanya kila kitu kwa kibodi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba vitufe vyake vilivyojichora vizuri namna ile havikuonyesha kama umevifikia. Ukitembea kwa kibodi unapotea humo ndani. Nikamwambia. Akasema watu wenye akili hutumia kipanya. Nikakichukua kile kipanya chenye mafuta nikamwekea kiganjani. Kesho yake kila kitufe kilikuwa na mstari mwembamba wa kukizunguka ukikifikia, nami nilimsifu, kwa maana nilijua kusifu pia, ila nilitaka sababu.

Sasa niseme jambo lililokuwa moyoni mwangu muda wote huo. Mama yangu na wadogo zangu walikuwa wameshavuka ziwa, wanaishi kambini upande wa Tanzania. Kulikuwa na baharia mmoja aliyepeleka sabuni Kigoma kwa boti la mashine, na kila aliporudi alinitafuta na ujumbe uleule: mama anasema uje. Mama hakuwa na makosa. Milima iliyo nyuma yetu ilikuwa inalia risasi, na kuna siku tulilala kijiji cha Kizuka chini ya michikichi, na siku nyingine watu wa Kizuka walikuja kulala kwetu. Lakini mimi nilikuwa nimechoka kukimbia. Nilikuwa nimekimbia mtaani kwetu, nikakimbia kwa shangazi, nikakimbia Gitaza na kandambili moja. Nilitaka mahali ambapo nikiweka kikombe mezani nikikute asubuhi. Kambini ningepata mama, ningepata na turubai, na vidole vyangu vingekaa mapajani vikisubiri mgao.

Nilimtumia mama jibu. Kuna bwana wa Bujumbura anayetengeneza programu za vituo vya afya, nilimwambia, na ameahidi kuja kuitazama kazi yetu. Akiichukua, kutakuwa na kazi ya muda mrefu nami nitabaki. Akiikataa, chumba kitafungwa, fundi atatafuta njia yake, na mimi nitapanda boti litakaloondoka kwanza. Baharia aliniwekea nafasi juu ya masanduku ya sabuni. Nikafunga kifurushi changu nikakiweka chini ya meza, miguuni, na kila nilipokigusa kwa kidole cha mguu nilikichukia.

Bwana yule alitaka hasa kalenda. Wauguzi wa vituo vya afya walikuwa na watoto wa kuchanja na wagonjwa wa kurudi, na hawakuwa na muda wa kuandika tarehe nzima nzima. Kwa hiyo fundi aliipa kalenda yake vitufe vitatu vikubwa juu: Jana, Leo, Kesho. Unabonyeza, tarehe inajiandika. Nilivipima vile vitufe kwa ukatili wote niliojaliwa. Nilivibonyeza kwa kasi, kwa pozi, kwa kibodi, kwa kiwiko cha mkono. Vikasimama imara. Nikamwambia fundi, "Hii iko nzuri," na alifurahi akanunua ndagala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga tukala hapohapo juu ya meza.

Siku moja kabla ya mgeni kufika, ujumbe ulikuja na gari la asubuhi: maneno yote kwenye kalenda yawe ya Kirundi, kwa sababu wauguzi wa milimani hawasomi Kiswahili. Nilikuwa nimeenda kufua. Niliporudi mchana, fundi alikuwa amekaa kifua mbele.

"Nimemaliza," akasema. "Ni maneno tu, dada. Hakuna ya kupima."

Kirundi chake kilikuwa cha sokoni. Alikuwa ametoka nje akamuuliza mke wa mwenye sabuni jana inaitwaje, akaambiwa, akaja akaandika. Baadaye akatoka tena akamuuliza mpita njia kesho inaitwaje, akaambiwa, akaja akaandika. Nikatazama skrini. Kitufe cha kushoto kilisema Ejo. Cha katikati kilisema Uno munsi. Cha kulia kilisema Ejo. Nami, Mrundi wa kuzaliwa, nilisoma nikaona kila kitu kiko sawa. Bila shaka kiko sawa! Kwetu jana ni ejo na kesho ni ejo, na hakuna mtoto anayechanganyikiwa, maana sentensi yenyewe inakwambia ni ejo ipi. Na pale skrini ilikuwa wazi kabisa: ya kushoto imepita, ya kulia inakuja. Nikamwambia fundi maneno yake ni safi.

Lakini lile neno lake, hakuna ya kupima, lilinikera. Nani aliyemwambia kwamba yeye ndiye anayeamua? Nikavuta kiti. Nikabonyeza Ejo ya kushoto: tarehe ya jana. Nikabonyeza Uno munsi: tarehe ya leo. Nikabonyeza Ejo ya kulia: tarehe ya jana.

Nikabonyeza tena. Jana.

"Fundi," nikasema, "mtoto atachanjwa jana."

Alidhani namtania. Alikuja, akabonyeza mwenyewe, na uso ukamshuka. Ilimchukua muda kuelewa, kisha akanieleza akiwa ameshika kichwa. Kalenda yake haikujua kushoto wala kulia. Kitufe kilipobonyezwa kilisoma neno lililoandikwa juu yake, kikaenda kulitafuta mahali fundi alipoandika maana za maneno, na neno la kwanza kulikuta ndilo kililoshika. Ejo ya kwanza ilikuwa jana. Ejo ya pili haikufikiwa kamwe. Wakati maneno yalipokuwa Jana na Kesho hakuna aliyeona kasoro, kwa sababu kasoro haikuwepo. Tuliizaa mchana ule, kwa Kirundi kizuri kabisa.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikalazimika kukaa chini sakafuni, na kule chini nikakiona kile kifurushi, kicheko kikakatika.

"Tuandike kwa urefu," nikamwambia. "Ejo haheze, ile imekwisha. Ejo hazoza, ile inakuja. Kila Mrundi anasema hivyo akitaka kueleweka."

Fundi aliandika. Akawasha. Vitufe vikatokea, na kwa kuwa vilijichora vyenyewe kwa upana alioupima yeye, maneno hayakutosha. Vilikata mwisho. Cha kushoto kilisema Ejo ha. Cha kulia kilisema Ejo ha.

Hapo fundi alitukana kwa lugha ambayo sikuijua, nadhani ni Kifuliiru. Mimi nilitukana kwa ile niliyoijua. Mwenye sabuni alichungulia dirishani akauliza kama tumevamiwa. Na jua lilikuwa linashuka, na yeye huzima jenereta lake mapema ili mlio wake usiwaonyeshe watu wa milimani njia ya kwake. Alitupa muda wa kumwaga sabuni ya mwisho kwenye vibao vyake, basi. Umeme ukakatika, kitufe hakijapona, na nilirudi nilikopanga chumba nikijua kwamba kesho jioni huenda nikawa majini.

Alfajiri niligonga mlango wa mwenye sabuni. Nilimwambia ukweli wote: kwamba mgeni anakuja na msafara wa asubuhi, kwamba kitufe kimoja kimekataa, kwamba nikishindwa nitaondoka. Alikuwa mtu wa maneno machache na sikumtegemea sana. Alisema, "Amahoro, kwanza," kwa kuwa sikuwa nimemsalimia, kisha akaenda akawasha. Nusura nimkumbatie.

Fundi alikuwa amefikiri usiku kucha na jibu alikuwa nalo tayari. Alikifundisha kitufe kupima neno kabla ya kujichora, na neno likiwa refu, kulivunja mistari miwili. Tena akaondoa ule ujinga wa kutafuta kwa neno: kila kitufe kikapewa kazi yake mwenyewe, hata ukikiandika matusi kitajua kuhesabu. Akaandika, nikaharibu. Akaandika, nikaharibu. Kwanza mstari wa chini ulizama, nusu ya herufi haionekani. Kisha neno lilivunjika vibaya, ejo ha juu, zoza chini. Kisha kila kitu kilikuwa sawa mpaka nilipolibana dirisha, na kitufe kikameza mwenzake. Hatukugombana hata mara moja asubuhi ile. Mwishowe nilibana, nikatanua, nikakandamiza, nikatembea kwa kibodi kwenda na kurudi, na vile vitufe vitatu vikakaa palepale, ejo haheze upande huu, ejo hazoza upande ule, kila kimoja na siku yake.

"Dada?" fundi akauliza.

"Sijafanikiwa kukiua," nikasema.

Mgeni alifika na vumbi la barabara mpaka kwenye kope. Alikuwa mzee mnene, mpole wa sauti na mkali wa macho, tuliyemwita patron, yaani bosi, kwa kuwa kila mtu alimwita hivyo. Hakutaka chai. Msafara wa kurudi ungeondoka kabla barabara haijafungwa, na hakuna mtu aliyetaka kuachwa. Alikuja na muuguzi wa kituo cha afya cha jirani, mama wa makamo mwenye kitenge cha kijani, akamkalisha mbele ya kompyuta.

"Mimi sitagusa," patron akasema. "Mama muganga atagusa. Mama, weka mutoto wa kurudi kesho."

Yule mama alisoma vitufe kwa sauti, polepole. Alipofika kwenye ejo hazoza akaguna kama mtu aliyekutana na jirani ugenini, akabonyeza. Tarehe ikajiandika. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Ni yo. Ndiyo yenyewe."

Lakini patron alikuwa amesema uongo, alitaka kugusa. Alimwomba mama kiti. Akabonyeza mara mbili upesi, na mimi nikajikaza nisitabasamu, maana huo ulikuwa ujanja wangu. Akakandamiza bila kuachia. Wangu. Akakisukuma kipanya pembeni akatembea kwa kibodi, akauona ule mstari mwembamba ukimfuata kila alipofika, akaguna kidogo kwa kuridhika. Akalishika dirisha akalibana, akalibana zaidi, akaniangalia kando kama anayesema sasa tutaona. Vitufe vikakunja maneno yake vikakaa. Kila mlango aliojaribu kuuvunja nilikuwa nimeshaupiga teke kabla yake, na raha niliyoipata pale sijui niielezeje. Nilitaka ajaribu mengine.

Akajaribu. Aliirudisha saa ya kompyuta mpaka mwaka mrefu, tarehe ishirini na nane ya Februari, akaweka kidole juu ya ejo hazoza. Nikaganda. Hilo sikuwa nimelipima. Nilikuwa nimeharibu kila kitu duniani isipokuwa Februari. Nikamtazama fundi, nikaona anatazama dari, na pembe ya mdomo wake imepanda juu kidogo.

Patron akabonyeza. Skrini ikaandika tarehe ishirini na tisa, Februari.

"Hiyo nililala nayo mimi," fundi akasema kwa sauti ndogo. Nilimpenda siku ile kama ndugu wa tumbo moja, na nilijivunia kufanya kazi na mtu yule.

Patron alisimama, akajipangusa uso. "Nachukua yote," akasema. "Na orodha nyingine nitatuma, kuna kazi mingi. Nani anapimaka hapa?"

"Ni mimi, patron."

"Weye njo ulipiga kelele jana? Mwenye sabuni amenielezea pale nje." Akacheka kwa mara ya kwanza. "Bon. Niko na vijana wangu kule Bujumbura, wananiambiaka kazi yao ni nzuri. Nitakutumia bintu byao. Uniulie."

Murakoze, tulisema, murakoze cane, fundi na mimi kwa pamoja kama watoto wa shule. Mama muganga alitushika mikono kwa mikono yake miwili. Walipoondoka, fundi alifunga mlango kwa utaratibu kabisa, kisha tukaruka. Tuliruka kama wehu, kiti kikaanguka, na mwenye sabuni akaja kuuliza, akaambiwa, akatuletea samaki, mukeke wa kuchoma.

Alasiri hiyo nilikitoa kifurushi chini ya meza nikashuka nacho ziwani. Baharia alikuwa anafunga masanduku yake kwa turubai, na aliponiona alisogeza moja ili nipate pa kukaa. Nikamrushia kifurushi.

"Mpelekee mama," nikasema. "Kuna vitenge viwili na sufuria. Mimi sivuki."

"Mama yako atanitukana mimi!"

"Atakutukana, ndiyo. Mwambie nimepewa kazi ya kuharibu vitu, na kwamba ninalipwa. Atakwambia ameijua kazi hiyo tangu nilipozaliwa."

Akatikisa kichwa, akavuta kamba ya mashine mpaka ikashika. Kutoka milimani ikasikika ile milio ya risasi, mbali, upande wa Nyanza-Lac, na watu waliokuwa ufukweni wakageuza nyuso kusikiliza inakoelekea, kama tulivyokuwa tukifanya sote. Boti likaondoka na ile nafasi tupu juu ya masanduku. Nililitazama mpaka likawa dogo, kwa hofu na kwa furaha, sijui kipi kilizidi. Kisha nikapanda mjini kwenda kutafuta kikombe cha kununua.